Shamba la Kiganjani

Saa mbili usiku Wafubwa hupiga kufuli tatu,
hukohoa, hunitazama kuanzia buti hadi kofia
kama anayehesabu gunia la mwisho,
kisha huenda zake.
Nabaki na rungu,
na koti la kampuni lenye jina la mtu mwingine kifuani,
na simu ambayo kioo chake
kimepasuka kama kisigino chenye magaga.

Nyuma yangu, ndani ya mabati,
mbolea imelala safu kwa safu.
Mbegu zimepakwa dawa ya rangi ya waridi.
Nalinda msimu wa watu wengine.
Kiganjani nina ekari sita.

Ekari sita, wajameni, na mto usiokauka!
Napapasa kwa kidole gumba: udongo umelimika.
Napapasa tena: mahindi yamechipuka,
yamebeba, yamekauka, yamo ghalani,
kabla mbwa wa Bungoma hajamaliza kubweka mara moja.
Huku hakuna viwavijeshi.
Hakuna shemeji wa kudai mpaka umesogea.
Kuna mbuzi mweupe tu, mwenye miwani,
ajaye kila baada ya mavuno kuniomba
nitazame tangazo la sabuni, sekunde thelathini,
ndipo anipe pointi mbili.
Nimelitazama mara mia nne na kitu.
Najua mwanamke wa sabuni ana kidoti shingoni.
Sabuni yenyewe sijawahi kuinunua.

Makokha, bawabu wa duka la pili, ndiye aliyenitia humu.
"Kukaa macho tunakaa bure," alisema. "Huku kunalipa."
Alikuwa ametoa mia tatu arobaini mwezi wa Disemba.
Ujumbe bado anao; huuonyesha
kama mtu anayeonyesha picha ya mwanawe.

Pointi elfu tano, ndiyo sheria.
Elfu nne za kwanza zilikuja mbio kama maji ya mtaro.
Kisha mbuzi akawa bahili:
mbili zikawa moja, moja ikawa nusu,
nusu ikawa robo, na robo ikaja
na tangazo refu zaidi.
Kwenye elfu nne mia tisa na tisini
nilikwama siku tatu usiku kucha.
Nilimtukana mbuzi yule kwa Kibukusu, polepole,
mwizi asije akajua nimekaa wapi.

Nyumbani, juu ya jiko, nilikuta hesabu ya mkaa ukutani:
bando ishirini, mara siku arobaini na moja,
mia nane na ishirini.
Mwandiko wa Nasike.
Hakusema neno. Alinipakulia chai.

Hela ziliingia Jumanne, saa kumi na dakika nane alfajiri.
Mia tatu arobaini.
Wafubwa alipofungua, sikwenda nyumbani.
Nilizunguka kaunta, nikasimama upande wa wateja,
naye akanitazama
kama mtu aliyesemeshwa na mlango wake.
"Mbegu," nikasema. "Pakiti ya kilo mbili."
Nikaongeza mia mbili za chai ya wiki nzima.
Akanipa risiti. Sijui kwa nini nimeiweka.

Chwele ilinyesha usiku wa kuamkia Jumapili.
Hatua moja, shimo; mbegu mbili;
Nasike nyuma yangu akifukia kwa unyayo.
Kidole gumba huku si kitu, jembe linataka mgongo.
Siku ya kwanza: udongo.
Siku ya tano: udongo, na kwale mmoja niliyemfukuza.
Siku ya nane, kijani chembamba, kama uzi uliosahaulika na fundi,
na papo hapo mfukoni simu ikatetemeka:
*Shamba lako linakukumbuka! Mahindi yananyauka. Rudi.*

Nilikuwa nimesimama kati ya mistari,
tope hadi vifundoni.
Nikausoma mara mbili.
Nasike alikuwa amenipa mgongo.
Nikapangusa kidole gumba kwenye suruali,
nikafungua,
kidogo tu,
nimwagilie.